Nani Atamchora Hamali?

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha zetu mpaka ikachakaa. Lakini mimi maana yake nimeifahamu mwaka huu, tena kwa kuangalia picha za mafundi wa Ulaya waliokufa karne nyingi zilizopita. Naomba msomaji univumilie kidogo, kwani safari yetu yaanzia Ujerumani na Uholanzi, na mwisho wake ni hapa hapa kwetu, Bandari ya Kale.

Katika maktaba yetu kuna kitabu kikubwa cha historia ya sanaa, kizito kama tofali, kilichotolewa zawadi na msamaria mwema. Jalada limetoka na kurasa za mwanzo zimeliwa na mende. Nilikifungua nikitarajia kuona wafalme, malaika na mabibi waliovaa lulu, kwa sababu ndivyo tunavyosikia kuhusu zile zama za Mwamko wa Sanaa barani Ulaya, karne ya 15 na ya 16. Naam, wafalme nikawaona. Lakini mbele kidogo nikakuta watu wa namna nyingine kabisa, wakulima na wachuuzi. Wengine viatu vimepasuka, wengine wamebeba makapu, wengine wanacheza ngoma. Nikajiambia, ala! Hata hawa walichorwa?

Mwaka 1510 Lucas van Leyden wa Uholanzi alichonga picha ya msichana mkamua maziwa, amesimama na ndoo yake kando ya ng'ombe. Mwaka 1514 Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, alichonga mkulima na mkewe wakicheza. Ni watu wanene, si wazuri wa sura, mguu mmoja juu, lakini ukiwatazama utadhani ngoma waisikia. Mwaka 1519 Dürer huyo huyo akachonga mume na mke waliotoka shamba kuja sokoni kuuza vitu vyao. Mume amenyoosha mkono kama anayetaja bei. Wallahi nilimtambua mara moja. Mtu huyo nimemwona Marikiti mara ngapi sijui!

Huenda msomaji akauliza, picha za kuchongwa ni picha gani? Fundi huchukua sahani ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa, akaikata mistari kwa chuma chenye ncha kali. Kisha huipaka wino na kuupangusa, ukabaki ndani ya mistari tu. Halafu huweka karatasi yenye unyevunyevu juu yake na kuipitisha kwenye mtambo wa kubana. Wino huhamia kwenye karatasi, na picha hutokea kinyume na ilivyokatwa, kushoto ikawa kulia. Kuna na njia ya mbao, ambayo ni kinyume chake: fundi huondoa pasipotakiwa, na panapobaki juu ndipo panapopakwa wino. Faida ya kazi hii ni kwamba sahani moja hutoa mamia ya nakala. Picha ya rangi ya mfalme ni moja, na hukaa katika jumba lake. Picha ya kuchongwa ni karatasi, huuzwa kwa bei nafuu, husafiri mikononi mwa watu. Kwa hivyo yule mchuuzi wa Dürer alisambaa Ulaya nzima, na miaka mia tano baadaye amefika mpaka Mombasa kwenye meza yetu ya maktaba, ingawa jina lake hatulijui.

Sasa tuje kwetu. Je, katika miaka hiyo hiyo Mombasa ilichorwa?

Ilichorwa, si haba. Mwaka 1572, mjini Cologne, Ujerumani, kilitoka kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia, kilichosimamiwa na Georg Braun, na mchongaji wake mkuu akiwa Frans Hogenberg. Katika ukurasa mmoja wa kitabu hicho kuna picha nne: juu Aden, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Mwalimu mmoja alinionyesha nakala yake. Nilifurahi mno kuliona jina la mji wetu katika herufi za kale. Ngome ya Yesu humo haimo, kwani ilianza kujengwa mwaka 1593, na Hogenberg alikuwa amekwisha kufa mwaka 1590. Kuna mji uliosongamana na bahari imeuzunguka. Lakini nilipotafuta watu, nani anavua, nani anauza, nani anabeba, sikupata hata uso mmoja wa kusema huyu ni wa kwetu. Ni mji unaotazamwa kutoka mbali, kama anavyoutazama mtu aliye melini. Na haya si ajabu, maana walioleta Ulaya habari za pwani hii ni Wareno, na Wareno walikuja kwa meli zenye mizinga. Agosti mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupora mji huu na kuutia moto.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Huyo Frans Hogenberg, mchongaji mkuu wa kitabu chenye Mombasa, ndiye aliyechonga mwaka 1559 picha maarufu ya sikukuu ya kijiji cha Hoboken, karibu na Antwerp, kwa kufuata mchoro wa Pieter Bruegel. Katika picha hiyo mna kila kitu: watu wanaocheza duara, wanaolenga shabaha kwa mishale, wanaoelekea kanisani, na watoto wanaozurura. Kwa hiyo si kwamba fundi hakuweza kuchora watu wa kawaida. Aliweza, tena sana. Lakini kijiji cha Hoboken kilichorwa na mtu wa huko, Mombasa ikachorwa na mtu ambaye hakuwahi kufika. Asiyekuwapo na lake halipo, ndugu msomaji!

Basi nikageuka kuuliza: na sisi wenyewe, je?

Nilikwenda Ngome ya Yesu. Kila mtu aliyepelekwa na shule pale aliambiwa kuwa ngome ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano, na kwamba umbo lake ni kama mtu aliyelala, ana kichwa, mikono na miguu. Hayo ni mawazo ya zama zile zile za Mwamko, yaliyotua juu ya mwamba wetu. Jina la Cairati tunalo. Majina ya waliobeba mawe ya matumbawe hatunayo.

Lakini ndani ya ngome hiyo kuna kitu ambacho wengi hukipita haraka wakikimbilia mizinga. Kuna michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu: meli, watu, samaki. Hawakuwa mafundi. Walikuwa walinzi tu, mbali na kwao, joto limewashika, siku haziishi. Wakachora walichokijua na walichokitamani. Mimi hunisikitisha kuliko picha zote, kwa sababu naona mtu wa chini, ambaye hakuna aliyemwajiri achore, ameshika kipande cha makaa na kusema, "Nilikuwapo."

Na wazee wetu pia waliacha alama. Katika magofu ya pwani, toka Gede hadi Kilwa na Songo Mnara, kuna vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye lipu ya kuta, tanga na mlingoti. Mafundi wetu wa milango nao hawashindwi na fundi yeyote wa shaba. Pita Ndia Kuu uangalie milango ya kale: maua, majani, minyororo, yote kwa patasi na nyundo. Ila watu hawamo. Sababu twaijua. Katika dini ya wengi wetu hapa Mji wa Kale, kuchora kiumbe chenye roho ni jambo ambalo wazee wengi hawalipendi, na ukutani huweka maandishi matukufu na maua. Mimi siwalaumu, hiyo ni adabu yao na uzuri wake twauona. Nasema tu kwamba kwa njia hiyo mlango ukabaki, na aliyeubeba mgongoni toka karakana hadi nyumbani akapotea.

Hapa sina budi kumtaja babu yangu.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hamali wa Bandari ya Kale. Alianza mwaka 1961 akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Alikuwa akitusimulia jinsi majahazi yalivyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yamejaa tende, mazulia na papa mkavu, mpaka bandari ikawa ni msitu wa milingoti. Yeye na wenzake walikuwa wakipanda na kushuka ubao mwembamba kati ya chombo na gati, kila mmoja na gunia la kilo 90 mgongoni, wakiitikiana nyimbo ili hatua zilingane. Majahazi yalipopungua, akahamia mkokoteni. Alisukuma mkokoteni huo mpaka uzee ukamkataza. Begani alikuwa na sugu ngumu kama ngozi ya kiatu. Sisi wajukuu tulikuwa tukiigonga kwa vidole na yeye akicheka.

Alifariki mwaka jana. Baada ya matanga, ami yangu akataka picha yake ya kuweka ndani ya albamu ya familia. Tukatafuta kwenye kasha, kabatini, hata chini ya godoro. Katika miaka yote ile ya kazi, picha iliyopatikana ni moja tu, nayo ni ya kitambulisho. Ami akaipeleka studio ikakuzwa. Ilipoletwa, nyanya aliishika mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akairudisha.

"Huyu si yeye," akasema.

"Mama, ndiye. Angalia jina."

"Jina ni lake. Lakini huyu ni mtu aliyeitwa kituoni akaambiwa atulie. Mume wangu mimi sikumwona ametulia hivi ila siku alipokufa."

Nyumba nzima ikanyamaza. Mimi nikamkumbuka yule mkulima wa Dürer. Mtu aliyecheza ngoma mwaka 1514 bado anacheza, mguu uko juu. Na babu yangu, aliyebeba nusu ya mchele wa mji huu, amebaki kichwa na mabega, tena mabega yenyewe yamekatwa na fremu!

Lakini hebu tusikimbilie kusema kwamba kuchorwa ni heshima daima. Nilipozidi kusoma niligundua kwamba picha nyingine za wakulima zilinunuliwa na watu wa mjini ili wawacheke. Sebald Beham wa Nuremberg alichonga sikukuu kubwa ya kijiji mwaka 1535, na humo yumo hata mtu anayetapika kwa ulevi. Ile picha ya Hoboken nayo ina maneno chini yake, yasemayo kwamba wakulima hufurahia sikukuu hizo kwa kucheza na kulewa kama wanyama. Yaani picha yakupa uso, na maandishi yakupokonya!

Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliwaasi mabwana zao kwa sababu ya kodi na kazi za lazima. Waliuawa maelfu kwa maelfu. Mwaka huo huo Dürer alitoa kitabu cha vipimo, na ndani yake akachora mnara wa ushindi dhidi ya wakulima. Chini ni ng'ombe wamelala. Juu yao vimepangwa vyombo vya kazi na vyakula: pipa la kusukia siagi, mtungi wa maziwa, zana za shamba, tundu la kuku. Na kileleni kabisa ameketi mkulima mwenyewe, ameinama kwa huzuni, na upanga umemchoma mgongoni. Wataalamu hadi leo hawajakubaliana kama Dürer alikuwa akimdhihaki au akimlilia. Mimi si mtaalamu, ila nijuavyo, mtu hamchomi adui yake mgongoni akaita ushindi.

Hata hapa kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, zilitengenezwa kadi za posta za Mombasa zenye vile vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na watu. Bwana amekaa chini ya kivuli, wasukumaji wako nyuma kwenye jua. Wasukumaji wamo katika picha, lakini hawakuwa ndio habari. Na leo watalii wakipita mitaani mwetu humpiga picha muuza kahawa kwa sababu dele lake lang'aa, wakaenda zao, wasimuulize hata watoto hawajambo. Nimejifunza kwamba swali si moja bali ni mawili: nani amechorwa, na aliyemchora alimtazama kwa jicho gani?

Jicho hilo jema, Mombasa tumewahi kuwa nalo, tena si la shaba wala la mbao. Ni la maneno. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu aliyeishi kuanzia karibu mwaka 1776 hadi 1840, alitunga mashairi juu ya vita na watawala, ndiyo, lakini pia juu ya mambo ya kila siku ya watu wa Mvita: mapenzi, njaa, ugomvi, mzaha wa barazani. Wataalamu husema kuwa yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Mashairi hayo yalikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor wakayakusanya mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1940 yakachapishwa kitabu. Bila vifua vile na mikono ile, leo tusingekuwa naye. Kwa hivyo mtu asiseme kwamba sanaa ya kumtazama mtu wa kawaida ni ya Ulaya. Wao walikata shaba, sisi tulikata vina na mizani.

Ingawa hivyo, mimi nilitaka babu nimwone kwa macho. Nikachukua ndara kuukuu, nikaisugua soli yake kwenye sakafu mpaka ikawa laini, nikakopa wembe, nikaketi jikoni na nyanya huku akipika mahamri. Nilijua picha yatoka kinyume, kwa hiyo nilichora kwanza kwenye karatasi, nikaigeuza. Nyanya alikuwa akielekeza, mimi nakata.

"Usianze na uso," akaniambia. "Hamali akiwa na mzigo uso hauonekani. Waonekana miguu."

Kwa hivyo nikaanza na miguu. Akanieleza jinsi vidole vilivyotanuka kwa kushika ubao, na jinsi goti la kulia lilivyotangulia. Akanieleza kikoi alivyokifunga juu ili kisimkwaze, na gunia alilokunja kichwani kama kofia ili pembe ya mzigo isimkate sikio. Mambo hayo hakuna aliyewahi kuniambia, na babu mwenyewe hakuyasema, labda aliona hayana maana. Saa ile nilifahamu kwamba nyanya alikuwa na picha yake miaka yote. Ilikuwa kichwani mwake, ikingoja mtu aulize.

Nilipaka wino wa mhuri, nikabandika karatasi, nikaikandamiza kwa kijiko. Ikatoka. Si kazi ya Dürer, na mwalimu wa sanaa atawaambia hivyo. Mistari ni minene na gunia ni kubwa kuliko mtu. Nyanya aliishika mbali na macho, akaitazama.

"Mzigo ulikuwa mkubwa hivyo hivyo," akasema. Akaikunja, akaitia ndani ya kasha pamoja na hati zake. Ukutani hakuitundika, na mimi sikumwomba.

Najua wapo watakaosema, "Siku hizi kila mtu ana simu, picha ziko tele, shida iko wapi?" Naam, ziko tele. Lakini hebu fungua simu ya nyumbani kwenu uhesabu. Picha za harusi ngapi, za Idi na Krismasi ngapi, na za mama akiwa kazini ngapi? Twapiga picha siku tulizovaa vizuri. Siku tunazoishi hatuzipigi. Tena simu ikianguka baharini pale Likoni, ukoo mzima umezama.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili, na kwa walimu wetu wapendwa. Jarida hili ndilo sahani yetu ya shaba. Kilichomo hutoka nakala nyingi, kikaenda majumbani, kikakaa. Basi kila mmoja wetu mwaka ujao alete mtu mmoja anayefanya kazi, kwa shairi, kwa insha, au kwa ndara na wembe kama mimi. Mlete muuza maji na mkokoteni wake wa madumu. Mlete mama wa viazi karai pale mlangoni pa shule, ambaye twajua bei zake zote na jina lake hatulijui. Mlete mvuvi, fundi cherehani, dereva wa matatu. Lakini kabla ya kuandika umuulize jina, na umuulize kazi yake yafanywaje, kisha uandike alivyosema yeye.

Mimi nimeanza na wangu. Alikuwa hamali wa Bandari ya Kale, goti la kulia mbele.